Kupaka Rangi Bodi ya Gari la Modeli Hadi Ing'ae: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayonifikia kuhusu magari ya modeli karibu yote ni ya namna moja. Mtu ameunda injini vizuri, chasisi imekaa sawa, magurudumu yanazunguka, halafu bodi inamwangusha. Rangi imekunjamana, au imejaa vumbi, au imekauka na uso wa ganda la chungwa. Anabandua, anarudia, na kasoro ni ile ile.

Mara nyingi mkono wa mpakaji hauna kosa. Kinachokosewa ni mpangilio: rangi isiyopatana na iliyo chini yake, mafuta ambayo hayakuoshwa, au mkono (yaani tabaka moja la rangi) mzito uliopigwa juu ya mwingine ambao bado mbichi. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mfuatano wake, hata ile inayoonekana ya kipuuzi.

Mwongozo huu ni wa bodi za plastiki ngumu ya polistirini kwa kipimo cha 1/24 na 1/25. Seti nyingi za magari ziko hapo: Tamiya, Hasegawa, Fujimi na Aoshima wa Japani hutumia 1/24, na AMT na MPC wa Marekani hutumia zaidi 1/25. Kama unafufua gari la zamani lililokwisha kupakwa, anza hatua ya 1. Kama seti ni mpya, ruka hadi hatua ya 2.

## Vifaa

Viweke vyote mezani kabla ya kuanza. Ukikwama katikati kwa kukosa msasa utashawishika kuruka hatua.

- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, beseni na mswaki laini
- Kisu cha ufundi chenye wembe mkali
- Misasa ya maji namba 400, 600, 1000 na 2000, na mingine laini zaidi kuanzia 3000
- Puti ya modeli
- Praima (rangi ya msingi) ya kopo, rangi ya kopo na klia (tabaka la juu lisilo na rangi) ya kopo, zote tatu za aina moja
- Kompaundi za kung'arishia: ya kukwangua, laini, na ya kumalizia
- Tepu ya kufunikia iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli
- Chupa tupu au waya mgumu wa kushikilia bodi
- Boksi la plastiki lenye mfuniko, kubwa kuliko bodi
- Glovu za naitraili, miwani ya kinga, na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali
- Kwa wanaofufua: alkoholi ya isopropili ya asilimia 91 au zaidi

Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wa rangi hata kidogo. Pulizia mahali penye hewa inayopita, mbali na moto wowote, ikiwemo taa ndogo ya kuwashia jiko la gesi.

Eabrashi, kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa, ni nzuri, lakini haihitajiki. Makopo yanatosha kabisa kwa bodi ya rangi moja, na nisingemshauri mtu ajifunze eabrashi na bodi kwa wakati mmoja.

## Kwanza, ujue rangi yako ni ya aina gani

Hapa ndipo mikunjo inapozaliwa. Rangi za modeli ziko za aina tatu kubwa. Laka hukauka haraka na tina yake ni kali. Makopo ya Tamiya ya TS ni ya kundi hili, na Mr. Color pia. Enameli, mfano rangi za Humbrol, hukauka polepole sana. Akriliki huyeyushwa kwa maji au alkoholi. Chupa za Tamiya za X na XF zilizoandikwa kuwa ni akriliki zimo humu.

Laka inakaa chini. Enameli na akriliki zinaweza kuja juu ya laka iliyokauka. Ukigeuza, ukapuliza laka juu ya enameli, tina kali inaishambulia ile ya chini, nayo inavimba na kukunjamana mbele ya macho yako. Njia rahisi ni kutumia laka tupu kuanzia praima hadi klia.

Tahadhari moja ya ununuzi: makopo ya Tamiya ya PS yanafanana na ya TS, lakini PS ni ya bodi za polikaboneti za magari ya rimoti. Usiyatumie kwenye polistirini. Rangi za kopo za magari halisi nazo zina tina inayoweza kula plastiki, hivyo zijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki kilichopigwa praima.

## Hatua ya 1: Bandua rangi ya zamani

Usipake juu ya rangi ya zamani hata kama inaonekana nzuri. Rangi moja juu ya nyingine huziba mistari ya milango na kufuta nembo, na hujui ile ya chini ni ya aina gani.

Toa kwanza vioo, taa na vipande vya kromu. Kama viliunganishwa kwa supaglu, laza bodi kwenye friza usiku mzima. Baridi huifanya supaglu iwe ya kuvunjika, na kiungo hukatika kwa kusukumwa taratibu. Gundi ya plastiki ni jambo jingine. Hiyo haikubandika, iliyeyusha vipande vikawa kimoja, hivyo ukivuta utapasua plastiki yenyewe. Kata kwa msumeno mwembamba, au kiache kipande mahali pake na ukifunike kwa tepu.

Kisha tumbukiza bodi kwenye alkoholi ya isopropili ndani ya chombo chenye mfuniko. Jaribu kwanza upande wa ndani wa paa. Laka na akriliki huanza kulegea ndani ya saa chache, nyingine hutaka usiku kucha. Sugua kwa mswaki, rudisha, sugua tena. Enameli ya miaka mingi inaweza kukataa. Hapo tafuta kiondoa rangi kilichoandikwa kuwa ni salama kwa plastiki.

Usitumie asetoni wala tina ya laka. Polistirini huyeyuka humo.

Kromu ya zamani iliyochakaa kwenye bampa na rimu huondolewa kwa dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Kazi hiyo ifanyike siku nyingine na kwa chombo kingine: dawa hiyo ikikutana na alkoholi hutoa kemikali zenye sumu.

Umefaulu ukiona plastiki tupu hadi ndani ya mistari ya milango. Doa hafifu lililoingia kwenye plastiki halina neno, praima italifunika.

## Hatua ya 2: Ondoa mistari ya kalibu

Bodi hutengenezwa kwenye kalibu ya vipande kadhaa, na pale vipande vinapokutana hubaki mstari mwembamba ulioinuka. Wengi hawauoni kwenye plastiki tupu. Wanauona baada ya klia, ukiwa unamulikwa na mwanga wote wa chumba.

Shika bodi chini ya taa inayomulika kwa ubavu, uizungushe taratibu. Tafuta juu ya matao ya magurudumu, kwenye nguzo za madirisha, pembeni mwa paa, na kwenye kona za nyuma karibu na taa. Kwangua mstari kwa wembe ulioshikwa wima, ukiuvuta kuelekea kwako bila kukandamiza. Malizia kwa msasa wa 400 uliolowa, kisha 600.

Mashimo madogo yaliyodidimia yajaze kwa puti kidogo kidogo. Puti hunywea ikikauka, kwa hiyo iache usiku mzima kabla ya kuipiga msasa. Ukiisawazisha mapema, shimo litarudi chini ya rangi.

Kisha chimba mistari ya milango, boneti na buti. Praima, rangi na klia zikijumlishwa ni mikono kumi hivi, na mstari wa kina kifupi utazibwa. Tumia mgongo wa ncha ya kisu, pitisha mara tatu au nne kwa wepesi. Ukikandamiza mara moja, ncha itaruka nje ya mstari na kukata mlango.

Nembo na maandishi yaliyoinuka yanahitaji ujanja. Kabla ya praima, bandika kipande kidogo cha Bare-Metal Foil, foili nyembamba ya metali yenye gundi nyuma, juu ya herufi, kikandamize kwa kijiti hadi kila herufi ijitokeze, kisha ukate kingo zake. Paka rangi kama kawaida. Mwishoni, wakati wa kung'arisha, sugua vichwa vya herufi peke yake kwa ncha ya kijiti cha pamba chenye kompaundi. Rangi inaondoka juu ya herufi na foili inachungulia. Hakuna brashi inayoweza kuandika hivyo kwa mkono, nimeona wengi wakijaribu.

## Hatua ya 3: Jaribu kukutanisha, kisha osha

Kabla ya rangi, kutanisha bodi na chasisi, vioo, bampa na boneti bila gundi. Kinachokwama sasa punguza kwa msasa sasa. Ukisubiri mpaka rangi ikauke, utakwaruza.

Osha bodi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukipitisha mswaki kwenye kila pembe. Kiwanda hutumia mafuta ya kutolea plastiki kwenye kalibu, na vidole vyako vimeongeza yako. Rangi haishiki juu ya mafuta, hukimbia na kuacha vishimo vya duara. Usitumie maji ya moto, paa litapinda.

Suuza, kung'uta, acha ikauke yenyewe. Kitambaa huacha nyuzi. Tangu hapo, bodi inashikwa kwa glovu au kwa kishikio tu.

## Hatua ya 4: Praima

Praima hufanya kazi tatu: inashika plastiki, inasawazisha rangi ya chini, na inakuonyesha makosa uliyoyaacha. Watu hudharau hiyo ya tatu.

Chagua kwa kuangalia rangi itakayokuja. Nyeupe au ya waridi kwa nyekundu, njano na machungwa. Kijivu kwa rangi nzito na za metali. Kama plastiki yenyewe ni nyekundu na unataka gari jeupe au la njano, kuna hatari ya wekundu kupenya hadi juu na kuligeuza gari kuwa la waridi. Piga kwanza mkono wa rangi ya fedha ili kuuzuia, kisha praima.

Piga mikono miwili myepesi, ukiacha dakika 15 hivi katikati. Ikikauka, rudi chini ya taa ya ubavu. Kila mkwaruzo wa msasa na kila mstari uliokuponyoka sasa unaonekana. Rekebisha, piga praima mahali hapo, kagua tena. Bodi ikiwa safi, pitisha msasa wa 1000 uliolowa kwa wepesi, suuza, kausha.

Umefaulu kama uso ni wa rangi moja, haung'ai, na ukipitisha kidole chenye glovu husikii chembe. Klia hailainishi kilicho chini yake, inakionyesha. Kama hapa pana ukwaru, usiendelee.

## Hatua ya 5: Rangi

Angalia hewa kwanza. Siku yenye unyevu mwingi, mvuke wa maji hunaswa kwenye laka inayokauka na kuacha utando mweupe. Mvua ikiwa inanyesha, fanya kazi nyingine.

Weka kopo kwenye bakuli la maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 kwa dakika kama kumi. Presha inapanda kidogo, rangi inakuwa nyepesi, na matone yanayotoka ni madogo zaidi. Usilichemshe kopo, wala usiliweke juu ya moto, litalipuka. Lifute maji yote, kisha litikise dakika nzima au mbili.

Weka boneti mahali pake juu ya bodi, au ipulizie pembeni ikiwa imeelekea upande ule ule. Chembe za rangi ya metali hulala kufuatana na mpulizo. Boneti iliyopakwa imesimama na bodi iliyopakwa imelala zitaonekana za rangi mbili tofauti, ingawa kopo ni moja.

Shika kopo sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi. Anza kubonyeza kabla ya kuifikia, pita moja kwa moja bila kusimama, achia baada ya kuivuka. Matone makubwa hutoka wakati wa kubonyeza na wa kuachia, nayo yaangukie hewani.

Mkono wa kwanza uwe wa ukungu tu. Anza na sehemu ngumu: chini ya milango, ndani ya matao, nyuma ya bampa, kwenye nguzo. Kisha ubavu, boneti, na paa mwisho. Praima bado itaonekana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mkono wa pili nao uwe mwepesi. Rangi hii kavu kidogo ndiyo itakayoishika ile nzito isiteremke.

Acha dakika 15 kati ya mkono na mkono. Mkono wa tatu na wa nne ndio wa kulowesha. Punguza mwendo wa mkono kidogo na uangalie mwanga wa taa ulioakisiwa juu ya rangi: matone yanaungana na uso unatulia ukiwa umelowa. Ukiona hivyo, songa mbele. Ukingoja sekunde moja zaidi, rangi itachirizika.

Ikichirizika, au unywele ukianguka, usiguse. Namaanisha usiguse kabisa. Kasoro iliyokauka huondolewa kwa msasa wa 2000 kwa dakika chache, lakini iliyochezewa kwa kidole ikiwa mbichi hukurudisha hatua ya 1.

Anayetaka rangi ya kandi, apige rangi ya fedha au dhahabu chini, kisha rangi angavu, yaani inayopitisha mwanga, juu yake, mfano TS-74 ambayo ni nyekundu angavu. Kila mkono unaoongeza unazidisha uzito wa rangi, kwa hiyo mahali utakapopita mara mbili patakuwa peusi zaidi. Kandi haisamehi. Usianze nayo.

Funika bodi kwa boksi mara tu unapomaliza.

## Hatua ya 6: Stika na klia

Stika za maji hubandikwa juu ya rangi inayong'aa, kwa sababu juu ya uso wenye ukwaru hunasa hewa chini yake na kuonyesha weupe. Zikisha kukaa na kukauka usiku mzima, ndipo ije klia.

Klia ya laka, TS-13 kwa mfano, ina nguvu ya kutosha kukunja stika ikipigwa nzito mara moja. Anza na mikono miwili ya ukungu mwepesi sana, ikauke vizuri, halafu mikono miwili ya kulowesha. Kwa gari lenye stika nyingi, ongeza mkono mmoja wa ukungu.

Rangi ya kawaida yenye chembe ya vumbi unaweza kuipiga msasa wa 2000 kabla ya stika na klia. Rangi ya metali usiiguse. Msasa hukata chembe zake na kuacha doa ambalo klia haitalificha.

## Hatua ya 7: Subiri

Ndani ya nusu saa laka huwa kavu ukiigusa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Juu ni kavu, ndani bado kuna tina inayotafuta njia ya kutoka. Ukiing'arisha sasa, kidole kitaacha alama yake, na uso uliokuwa tambarare utanywea baadaye.

Iache wiki moja, mahali pa joto la kawaida, chini ya boksi ambalo mfuniko wake haujabanwa kabisa. Kipimo ni pua. Inusie bodi kwa karibu, na kama harufu ya rangi bado ipo, haijawa tayari. Enameli huweza kuchukua wiki kadhaa.

## Hatua ya 8: Ng'arisha

Tazama taa ikiakisiwa kwenye paa. Kama kingo zake ziko wazi na zimenyooka, nenda moja kwa moja kwenye kompaundi. Kama kingo zimevurugika, uso una ganda la chungwa na unahitaji msasa.

Kabla ya kuanza, funika kwa tepu nyembamba kingo zote: mistari ya boneti, mikunjo ya ubavu, ncha za matao. Kwenye kingo rangi ni nyembamba kuliko popote, na msasa hufika kwenye praima kwa mipigo miwili mitatu.

Lowesha msasa wa 3000 kwa maji yenye tone la sabuni. Sugua kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, ukisuuza kila mara. Uso utapoteza mng'ao na kuwa wa ukungu, nawe usishtuke. Vidoa vinavyobaki kung'aa ndivyo mabonde ambayo bado hayajafikiwa. Vikiisha, panda namba, 4000, 6000 na kuendelea, kila mara ukigeuza mwelekeo ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha. Maji ya kusuuzia yakigeuka rangi ya gari, acha papo hapo, umeivuka klia.

Kisha kompaundi tatu kwa mfuatano, kila moja na kitambaa chake laini. Ukichanganya vitambaa, chembe kubwa zitaendelea kukwaruza hadi mwisho. Taa iliyoakisiwa ikionekana na kingo zake zote, inatosha. Osha bodi kutoa kompaundi iliyoganda kwenye mistari ya milango.

## Hatua ya 9: Malizia bodi

Tia wino mwembamba wa enameli kwenye mistari ya milango, ukigusa sehemu moja tu, utakimbia wenyewe. Kijivu kwa magari meupe na ya njano. Nyeusi kwenye gari jeupe huonekana nzito mno. Futa ziada kwa kijiti cha pamba chenye tina ya enameli kidogo, ambayo haidhuru laka iliyokauka vizuri.

Foili ya fremu za madirisha bandika sasa, ukitumia wembe mpya. Wembe butu huchana foili badala ya kuikata.

Vioo viunganishe kwa gundi nyeupe au gundi maalumu ya vipande angavu. Supaglu hutoa mvuke unaotia ukungu mweupe kwenye kioo, na hata tone lililo mbali huweza kuharibu dirisha zima kama gari limefungwa.

Unapoingiza chasisi, tanua sehemu ya chini ya bodi kwa vidole gumba, kidogo tu, na uanzie mbele. Klia iliyokauka ni ngumu na hupasuka kwenye nguzo ikilazimishwa. Chasisi ikikataa, itoe, punguza plastiki ya ndani kwa kisu mahali inapokwama, ujaribu tena.